Simu Inalia kwa Nani?

Vijana, mimi siamini watu na siamini mashine, na kati ya hao wawili mashine ndiyo naichunga zaidi, kwa sababu mtu akikudanganya angalau macho yake hucheza. Baba Wambui, mume wangu, husema nilizaliwa na shaka kama vile watoto wengine huzaliwa na meno. Si kweli. Shaka nilitiwa na kazi ya simu. Niliianza kwenye ekscheni ya Nakuru, pale laini zote za mji zinapounganishwa, nikiwa msichana, mwanamke peke yangu kati ya mafundi, nikaimaliza nikizunguka bonde hili lote nikifunga simu kwenye mashamba ya maua, mahoteli na shule. Sasa nimestaafu, niko Bahati na kuku wangu na ng'ombe mmoja mkorofi.

Mmeniuliza mara nyingi kazi yangu ilikuwa nini hasa, na nikisema nilikuwa narekebisha milio mnacheka. Haya, chekeni, kisha mnijibu. Ukimpigia mtu, ule mlio wa tuuu, tuuu unaousikia ni wa nini? Mtasema ni simu yake inalia. Siyo. Simu yake iko kule kwa mfuko wake, na wewe huwezi kuisikia. Unachosikia ni mlio unaotengenezwa na mtambo ili kukuambia ngoja. Mtambo huohuo una mlio mwingine wa kukuambia unayemtaka anaongea, yaani bize, na mwingine wa harakaharaka wa kukuambia njia imekwama, usipoteze wakati, tafuta njia nyingine. Na sauti yenyewe mara nyingi ni moja. Kinachotofautisha ni vile inavyokatwa tu. Ikilia kwa kirefu na kupumzika kwa kirefu, unangoja. Ikikatwakatwa vipande vifupi, unaenda zako.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Mutiso, msimamizi wetu pale ekscheni. Alikuwa na sikio moja tu lililofanya kazi, lile lingine lilipigwa na radi kupitia kwa laini akiwa Molo, na hakuchoka kutuambia kwamba lile lililobaki lilikuwa na akili za mawili. Ukimpelekea malalamiko kwamba simu fulani inalia na haishikwi, hakuuliza ni ya nani. Aliuliza, "Huo mlio umetolewa na nani?" Ukijibu kwamba umetolewa na simu, unapewa ufagio uende chumba cha betri. Mimi nilifagia chumba kile sana. Siku moja nikamjibu, "Sijui, mzee, wacha nikaangalie," na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alisema hiyo ndiyo kazi yote, hakuna nyingine.

Siku hizi kazi ya ekscheni nzima inafanywa na kijisanduku kinachotoshea kwenye rafu. Tunakiita geitiwei. Upande mmoja kinashika laini za nje, upande mwingine kinaongea na simu za ofisini zinazopita kwenye waya wa kompyuta. Kwa sababu kimekaa katikati, ndicho kinachowatolea watu milio. Ukifungua ukurasa wake kwenye kompyuta unakuta jedwali, lenye mstari wa mlio wa kuita, mstari wa bize, mstari wa njia kukwama. Unajaza namba: sauti iwe nyembamba kiasi gani, ilie muda gani, inyamaze muda gani. Ukiandika uongo hapo, kitausema uongo huo mchana na usiku bila kupepesa.

Na hata usipoandika kitu bado kinaweza kukutesa. Shamba moja la maua kule Naivasha liliniita kwa sababu laini zao zilikuwa zinajaa zenyewe. Mkubwa wa shamba alikuwa ameshaamua kwamba ni wasichana wa kupanga maua wanaopigia wapenzi wao. Alikuwa ameweka kufuli kwenye simu, akaweka soja wa kulinda kufuli, kisha akaanza kumshuku soja. Nikakaa nikasikiliza. Geitiwei ilikuwa imeachwa na milio ya nchi nyingine, vile ilivyotoka kiwandani. Mtu wa nje akikata, laini inatoa bize ya Kenya, na ile mashine inangoja bize ya kwao, kwa hivyo haijui mazungumzo yameisha. Inaishikilia laini tu kama mgeni asiyejua kuaga. Nikairekodi bize yetu kwa simu yangu, nikaipima, nikaiandika kwenye jedwali, nikahifadhi, nikaizima na kuiwasha. Hapo pa kuhifadhi na kuwasha upya ndipo mafundi wengi huanguka, kwa sababu wanabadilisha, wanajaribu, wanaenda nyumbani, na stima ikipotea mashine inarudia ujinga wake wa zamani. Laini zilifunguka. Mkubwa alinishukuru sana, lakini kufuli hakuitoa. Alisema huwezi kujua.

Nilimcheka yule mkubwa mpaka nikafika Gilgil. Lakini ya Rodah haikuwa ya kucheka.

Rodah alikuwa mshika simu ya gari la wagonjwa katika hospitali ndogo ya binafsi huku kwetu, jina la hospitali nitaliacha. Ofisi yake ilikuwa kontena jeupe kando ya geti, na dereva alikaa nje ya mlango kwenye kiti cha plastiki. Simu ikilia, Rodah anaishika, anauliza mgonjwa yuko wapi, dereva anaondoka. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi na watu walimjua kwa sauti hata kabla ya kumjua kwa uso. Nami nilimjua kanisani, alikuwa anaimba kwaya mstari wa mbele.

Asubuhi moja Njoroge, Baba Shiru kwa majirani, mkulima wa kabeji wa upande wa juu, alimkuta mamake ameanguka jikoni, mdomo umepinda, mkono mmoja haushiki kitu. Kiharusi. Akapiga namba ya hospitali. Ikalia. Akangoja. Ilipokatika akapiga tena, ikalia, akangoja. Jirani yake alikuwa na pikapu imesimama uani pale karibu, lakini wewe utamsumbua jirani kwa nini wakati simu ya hospitali inalia na mtu ataishika sasa hivi? Alipokata tamaa na kukimbilia hiyo pikapu, muda ulikuwa umeenda. Daktari alimwambia kwamba wangefika mapema mama angepata nafuu nzuri zaidi. Sasa yule mama, ambaye sote huku tunamwita Cucu, yaani nyanya, yuko hai lakini hasemi, na upande wake mmoja haumtumikii.

Rodah alipoulizwa alisema simu haikulia. Njoroge akatoa simu yake akawaonyesha. Hapo ndipo maji yalipozidi unga, kwa sababu zile simu mbili hazikuonekana kama simu ambazo hazikushikwa. Zilikuwa na dakika zake. Simu isiyoshikwa haihesabu dakika, hata mtoto anajua. Basi wakubwa wa hospitali wakamaliza hesabu yao: Rodah aliishika, akaiweka mezani bila kujibu, akaendelea na chai yake. Msimamizi wa hospitali, Bwana Mogaka, akamwambia akae nyumbani wakati kamati inaamua, na kila mtu alijua kamati itaamua nini.

Jumapili iliyofuata Njoroge alisimama kanisani wakati wa ushuhuda akasema kuna mtu ameketi humu ndani aliyemfunga mama yake mdomo. Hakutaja jina. Rodah akatoka kwenye kwaya akaenda nyumbani na joho la kwaya likiwa bado mwilini, na hakurudi tena. Baada ya hapo nikaanza kusikia sokoni maneno ya "watu wao" na "watu wetu", kwa sababu Rodah ni Mkalenjin na Njoroge ni Mkikuyu kama mimi. Nyinyi vijana mnayatumia maneno hayo kwa mzaha. Sisi tulioishi Bahati zamani, wakati wa vita vya makabila, tukiyasikia tunaangalia watoto wako wapi.

Siku moja Rodah alinijia nyumbani akiwa na kitambaa kichwani kimeshushwa mpaka kwenye nyusi, ili asitambulike njiani.

"Mama Wambui, mimi sikusikia simu."

"Ulikuwa umelala?"

"Saa nne asubuhi?"

"Watu hulala saa nne. Ulikuwa umeenda choo?"

"Nilikuwa kwa kiti."

"Ulikuwa unaangalia video?"

"Nilikuwa nakunywa chai, na simu iko hapa," akanyoosha kiganja juu ya meza yangu, karibu na kikombe. "Ingelia hata kidogo ningeruka. Mimi huruka hata ikilia ya jirani. Si unanijua?"

"Sikujui. Nakujua kwa kuimba."

Akalia. Mimi machozi pia siyaamini, nimeyaona yakitumika vibaya. Lakini nilipokuwa namwangalia nikakumbuka jambo moja ambalo halikukaa sawa. Kama Rodah alishika simu akaiweka mezani, Njoroge angesikia nini? Angesikia ofisi. Angesikia kiti kikivutwa, kikombe, dereva akicheka na soja. Asingesikia mlio. Na Njoroge mwenyewe aliapa mbele ya kanisa zima kwamba ilikuwa inalia mwanzo hadi mwisho. Simu haiwezi kuwa imeshikwa na bado inalia. Watu wote walisikia maneno hayo mawili kutoka kwa mdomo mmoja na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu walikuwa wameshampata mtu wa kumlaumu. Mimi nikajiuliza swali la Mzee Mutiso.

Nilimpigia Bwana Mogaka nikamwambia nataka kuangalia simu zake. Alikubali haraka sana, na kukubali huko kukanitia shaka. Baadaye nilielewa kwamba alidhani nitaandika kuwa mitambo ni mizima na Rodah atafutwa kazi bila kelele. Kesho yake nikaenda. Rodah hakuruhusiwa kuingia, kwa hivyo dereva akakaa kontenani kwenye kiti cha Rodah, nami nikasimama uani nikapiga kwa simu yangu. Ikalia, dereva akashika. Nikapiga tena, akashika. Kila nikipiga, anashika.

"Si nilikuambia, madam?" Mogaka akasema. "Mashine haina makosa. Makosa ni ya watu."

"Na watu ndio huweka mashine," nikamwambia. "Wacha nikae kidogo."

Hili mlishike, nyinyi mtakaoifanya kazi hii: mashine mbovu ina adabu sana mbele ya fundi. Ukitaka kuijua tabia yake, kaa nayo mpaka isahau kwamba uko. Na usijaribu simu peke yako ukiwa upande mmoja. Weka mtu kule inakolia, mwenye macho, akuambie anachoona, kwa sababu sikio lako linajua upande wako tu. Nilikaa kwenye korido nikijifanya nasoma gazeti. Wauguzi wakapita. Mhasibu akapita. Ilipokaribia saa nne mama wa jikoni akaja na birika la stima, akainama chini ya rafu pale koridoni, akachomoa plagi moja, akachomeka birika, akaenda zake.

"Mama, hiyo plagi ni ya nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Ni ya kitu fulani. Kila mtu huichomoa wakati wa chai, soketi ni hiyo moja."

Nikaufuata waya. Plagi ilikuwa ya kisanduku kingine kidogo, si geitiwei, kinachopeleka mawasiliano mpaka kontena la getini. Nikatoka nje mbio kiasi cha magoti yangu. Simu ya mezani kwa dereva ilikuwa na mwangaza wake kama kawaida, saa na tarehe, kwa sababu stima yake ni ya kule kule kontena. Juu pembeni kulikuwa na alama ndogo kama ya msumari, ya kusema mawasiliano yamekatika, na nani ataiangalia hiyo? Nikasimama mlangoni nikapiga.

Mwanzo nikasikia mlio wa mtandao wa simu. Mara ukakatika, tak, kidogo sana, kama mtu amefungua mlango. Hiyo ilikuwa geitiwei imeishika simu yangu, na dakika zikaanza kuhesabu. Halafu mlio mwingine ukaanza, mzito kuliko wa kwanza, mrefu na pumziko refu. Tuuu. Tuuu. Dereva ananiangalia, mimi namwangalia, na simu ya mezani imekaa kimya katikati yetu.

"Unapiga, mathe?" akauliza.

"Napiga."

"Mbona hailii?"

Mashine haikuwa na njia ya kufika pale mezani, na mashine yoyote yenye heshima ingenipa ule mlio wa vipande vifupi, ningejua mara moja kwamba njia imekwama. Hii ilikuwa inaniambia ngoja, anakuja. Nilirudi koridoni, nikafungua ukurasa wa geitiwei kwa kompyuta yangu, nikaenda kwenye jedwali la milio. Mstari wa njia kukwama ulikuwa na namba zilezile za mstari wa kuita. Hata mstari wa bize ulikuwa hivyo. Mistari mitatu, mlio mmoja. Nilikasirika, kwa sababu hilo halitokei lenyewe, na hakuna kiwanda duniani kinachotoa mashine hivyo.

Nikampigia Wekesa, fundi aliyeiweka. Ni mtu mzima, nimefanya naye kazi Lanet na Njoro, si mtu mbaya.

"Wekesa, nani aliandika hii milio?"

"Hiyo ilikuja hivyo, Mama Wambui."

"Usinidanganye. Mimi ndiye nilikufundisha kupima bize."

Akanyamaza. Nikamwacha anyamaze, kwa sababu mtu akinyamaza kwa simu ukimsaidia kuongea unamharibia ukweli. Mwishowe akasema, "Ni boss aliniambia. Watu walikuwa wanalalamika."

Na walikuwa wanalalamika nini? Hapa mtaelewa kwamba kosa hili ni letu sisi, halingetokea kwingine. Kwetu bize ni tusi. Mkimpigia mtu mkasikia bize, hamsemi laini imejaa. Mnasema amenikatia, ameniwekea bize, ananiringia. Lakini simu ikilia na isishikwe, mnamsamehe, mnasema labda yuko bafu, labda ameiacha kwa nyumba. Sisi wote ni hivyo, hata mimi, na mimi najua milio inavyotengenezwa. Basi watu walipopiga hospitali wakati wa chai na kusikia vile vipande vifupi, walikuwa wanakuja kwa Mogaka na hasira kwamba wafanyakazi wake wanawakatia simu makusudi. Mogaka akamwambia Wekesa, iondoe hiyo bize, iwe inalia tu, watu wapoe. Wekesa akaandika, akahifadhi, akawasha upya. Watu wakapoa. Hakuna aliyeuliza kwa nini vipande vilikuwa vinasikika saa ya chai.

Nilipomwekea Mogaka maneno hayo mezani alichezacheza na kalamu.

"Kwa hivyo ni mashine," akasema. "Vizuri. Wekesa atakuja Jumatatu airekebishe, tumalize."

"Na Rodah?"

"Kamati itaarifiwa kulikuwa na hitilafu."

"Na Njoroge?"

"Madam, tusiwashe moto. Huyo mtu atatushtaki."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaona pale pale itakavyokuwa. Jumatatu jedwali litakuwa safi, barua itaandikwa yenye neno hitilafu, na huku nje Rodah atabaki yule mwanamke aliyemfunga Cucu mdomo. Hata akirudishwa kazini, ni nani angempigia na kuamini? Na nikisema mimi, fundi mstaafu, watasema nimehongwa. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye neno lake lingemwosha, na huyo ndiye aliyemchafua. Nilibadilisha neno la siri la geitiwei mbele ya Mogaka, ili mtu asiisafishe kabla Njoroge hajaisikia, nikamwambia nitalirudisha Jumatatu. Hilo halikuwa halali na ningelifanya tena.

Njoroge alikuwa anamlisha mama yake aliponiona getini kwake. Hakunikaribisha kuketi.

"Wamekutuma," akasema.

"Hakuna mtu amenituma. Nataka uje hospitali kesho saa nne, upige simu."

"Nilishapiga." Akampangusa mama yake kidevu. "Wewe Mama Wambui ni wetu. Mbona unamtetea huyo?"

"Simtetei. Mimi hata wewe sikuamini."

Hiyo ilimshtua kidogo. Nikamwambia aje na simu yake mwenyewe, namba apige mwenyewe, na plagi achomoe kwa mkono wake ili asiseme tumempangia. Nikamwambia asiniamini hata kidogo, kwa sababu mimi pia nisingemwamini mtu anayekuja na hadithi kama yangu. Cucu alikuwa anatuangalia kwa jicho lake zima, kutoka kwa mwanawe mpaka kwangu. Njoroge akasema atafikiria. Sikulala vizuri, nilikuwa na hakika hatakuja.

Alikuja, na shati la kanisani. Rodah pia nilikuwa nimemwambia aje, na soja akajifanya hamwoni akipita getini. Njoroge alipomkuta amekaa kwenye kiti chake kontenani, alisimama mlangoni kama mtu aliyefika nyumba isiyo yake. Hawakusalimiana. Nikampeleka Njoroge koridoni. Mama wa jikoni alikuwa ameshaleta birika.

"Plagi ni hiyo," nikasema. "Kila siku huchomolewa saa hii. Ichomoe wewe."

"Nikichomoa itafanya nini?"

"Sikwambii. Ukisikia kwangu utasema ni mimi."

Aliangalia chini ya rafu kama kuna nyoka, kisha akainama akaichomoa. Tukarudi kontenani. Mogaka alikuja nyuma yetu akiwa na koti lake, hakuna aliyemwita. Rodah aliweka mikono yote miwili kwenye mapaja ili kila mtu aione. Simu ilikuwa mbele yake, mwangaza unawaka, saa na tarehe. Njoroge akapiga, akaweka simu sikioni.

Nilimwangalia uso. Mlio wa mtandao, nikajua anausikia. Kisha tak, nikajua ameusikia pia, kwa sababu alipepesa macho.

"Inalia," akasema.

"Inalia wapi?" nikauliza.

Akaangalia simu ya mezani. Akaitoa yake sikioni, akaangalia kioo, dakika zilikuwa zinahesabu. Akairudisha sikioni. Akapiga hatua moja mpaka mezani, akainama, akaweka sikio lake la pili karibu kabisa na ile simu ya Rodah, mkulima mzima na shati la kanisani, sikio moja linasikia mlio na lingine halisikii kitu. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Ingeniambia bize," akasema, bado ameinama, "ningekimbia kwa pikapu. Pikapu ilikuwa hapo tu."

"Najua," nikamwambia.

"Mimi nilikuwa namwambia mathe, ngoja, inalia, wanakuja. Nilikuwa namshika mkono na kumwambia ngoja."

Akainuka. Simu ilikuwa bado sikioni, bado inamwambia angoje, na kidole chake kilikuwa kimeshindwa kuikata. Ndipo akamgeukia Rodah, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili.

"Sasa siku hiyo mimi nilikuwa nangoja nani?"

"Ulikuwa unaningoja mimi, Baba Shiru," Rodah akasema. "Na mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa, dereva ako nje na funguo kwa mkono."

Njoroge akaketi kwenye benchi la wagonjwa akalia kwa sauti, na Rodah akatoka nyuma ya meza akaenda kuketi kando yake.